Kache ya matokeo ya hoja: kutoka dalili hadi chanzo katika MariaDB na MySQL ya zamani

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Mei wakulima wa Masaka wanapoanza kuleta kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, seva ya chama cha ushirika ninachokihudumia hubadilika tabia. Skrini ya karani, ambayo mwezi wa Machi ilikuwa ikionyesha taarifa za mkulima papo hapo, huanza kuchelewa sekunde tatu, nne, hata saba, na foleni mbele ya mizani hurefuka. Mara ya kwanza nilipoitwa kuitazama, aliyenitangulia alikuwa amekwisha kupanua kache ya matokeo ya hoja, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo seva huweka majibu ya maswali iliyokwisha kujibu, kutoka megabaiti 16 hadi 512, na hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Kosa lake ni la kawaida na linaeleweka, kwa sababu kwa vitu vingi vinavyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nafasi kubwa zaidi huleta kasi zaidi. Kache hii haifuati kanuni hiyo.

Mwongozo huu unahusu kache iliyomo ndani ya programu ya hifadhidata ya MariaDB, na ndani ya ile ya MySQL hadi toleo la 5.7. Hoja ya SELECT, yaani swali la kusoma data, inapofika, seva hulinganisha maandishi yake na yale ya hoja zilizokwisha kuhifadhiwa, na yakilingana herufi kwa herufi, hutoa matokeo yaliyomo kwenye kumbukumbu bila kuichambua hoja wala kuyagusa majedwali. Hiyo ni sheria ya kwanza. Sheria ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa: jedwali likibadilishwa kwa INSERT, UPDATE, DELETE, TRUNCATE au ALTER, matokeo yote yaliyotokana na jedwali hilo hutupwa, hata yale ambayo mstari uliobadilishwa hauyahusu kabisa. Ukibadilisha namba ya simu ya mkulima mmoja wa Kalungu, majibu yaliyohifadhiwa ya wakulima wote wa Lwengo, Bukomansimbi na Rakai yanatupwa pamoja na yake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kache iwe na ukubwa gani, inafaa kuuliza ni jedwali gani linaandikwa, na mara ngapi kwa dakika.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kugusa chochote

Amri mbili zinatosha kwa kuanzia. SHOW GLOBAL VARIABLES LIKE 'query_cache%' inaonyesha mipangilio, na SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Qcache%' inaonyesha vihesabio. Baadhi ya vihesabio hivi, kama Qcache_hits na Qcache_inserts, hujumlisha tangu seva ilipowashwa, kwa hiyo kuvisoma mara moja hakukuambii kinachotokea sasa. Visome wakati wa kazi nyingi, subiri dakika 10, visome tena, kisha fanya kazi na tofauti ya namba hizo. Ninaandika vipimo hivyo kwenye daftari, na saa yake kando, kwa sababu baada ya mabadiliko mawili au matatu hakuna anayekumbuka kwa uhakika namba ilikuwa ngapi mwanzoni.

Qcache_hits ni hoja zilizojibiwa kutoka kwenye kache. Qcache_inserts ni matokeo mapya yaliyoingizwa. Qcache_not_cached ni hoja ambazo hazikuweza au hazikuruhusiwa kuhifadhiwa. Qcache_lowmem_prunes ni matokeo yaliyoondolewa ili kupisha mengine kwa kukosa nafasi. Uwiano wa kutazama kwanza ni hits kwa inserts: kila tokeo lililoingizwa limeigharimu seva kazi, na kama kwa wastani halisomwi hata mara moja kabla ya kutupwa, gharama hiyo imepotea bure.

Qcache_hits haisogei hata kidogo

Hakikisha kwanza kwamba kache imewashwa. Tangu MariaDB 10.1.7, query_cache_type huwa OFF isipoguswa, ingawa query_cache_size inaonyesha megabaiti 1, na anayetazama ukubwa peke yake hudhani kila kitu kinafanya kazi. Ukijaribu kuiwasha wakati seva inaendelea, ilhali ilianzishwa ikiwa OFF, utapata kosa namba 1651 linalokutaka uianzishe seva upya. Weka query_cache_type = 1 au 2 kwenye faili la mipangilio, kisha uiwashe upya.

Ikiwa imewashwa na Qcache_not_cached ndiyo inayopanda, tatizo liko ndani ya hoja zenyewe. Hoja yenye NOW(), CURDATE(), RAND(), UUID(), USER() au LAST_INSERT_ID() haihifadhiwi. Vivyo hivyo hoja inayotumia vigeu vya mtumiaji, majedwali ya muda au funksheni zilizohifadhiwa kwenye hifadhidata, pamoja na ile inayomalizika kwa FOR UPDATE. Akaunti iliyopewa ruhusa ya safu baadhi tu za jedwali, kama ile tunayompa mkaguzi wa hesabu ili asione namba za simu za wanachama, nayo hainufaiki na kache.

Sababu moja inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ilinichukua siku mbili kuigundua. Hoja inayozalisha onyo haihifadhiwi. Kwetu, namba ya mkulima ni maandishi, mfano 'K0417', kwa kuwa herufi ya kwanza inatambulisha kituo. Sehemu moja ya programu ya zamani ilikuwa ikiuliza WHERE namba_ya_mkulima = 417, bila alama za nukuu. Seva, ikilazimika kulinganisha maandishi na namba, iligeuza kila thamani ya safu hiyo kuwa namba, ikatoa onyo kwa kila iliyoshindikana, ikaacha kutumia faharasa, na mwisho ikakataa kuhifadhi matokeo, ambayo hata hivyo yalikuwa matupu. Andika SHOW WARNINGS mara tu baada ya kuiendesha hoja kwa mkono, na utaona mara moja kama hali ni hiyo.

Suluhisho la CURDATE() ni jepesi: programu iandike tarehe yenyewe ndani ya hoja, kwa mfano WHERE tarehe = '2024-06-18', nayo maandishi yatabaki yale yale kutwa nzima. Tahadhari ni mbili. Usiweke saa na sekunde, kwani maandishi yatabadilika kila sekunde na hakuna hoja itakayolingana na iliyotangulia. Pili, kama programu inaendeshwa kwenye mashine iliyowekwa saa ya kimataifa ya UTC, kumbuka kwamba Uganda iko saa tatu mbele, hivyo kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku mashine hiyo itaandika tarehe ya jana, na ripoti ya usiku itatoka na kilo za siku isiyo yake.

Inserts nyingi, hits chache, na hakuna hoja inayokataliwa

Hapa kuna njia mbili, na zinatofautishwa kwa Qcache_queries_in_cache, yaani idadi ya hoja zilizomo kwenye kache kwa sasa.

Namba hiyo ikiwa kubwa na inaendelea kukua, hoja zinahifadhiwa lakini haziulizwi tena kwa maandishi yale yale. Kwa kache, select na SELECT ni hoja mbili tofauti, na nafasi moja iliyozidi kati ya maneno inatosha kuzitenganisha. Programu mbili zinazounganishwa kwa seti tofauti za herufi, moja latin1 na nyingine utf8mb4, hazishirikiani matokeo hata zikiuliza kitu kile kile. Baadhi ya maktaba za programu hubandika maelezo ndani ya hoja, kama vile namba ya ombi, na namba hiyo hubadilika kila mara. MariaDB ina kigezo cha query_cache_strip_comments ambacho huondoa maelezo hayo kabla ya kulinganisha, nacho huwa kimezimwa hadi ukiwashe. Ili kuona kilichomo ndani, weka programu-jalizi kwa INSTALL SONAME 'query_cache_info', kisha usome jedwali la information_schema.QUERY_CACHE_INFO. Ukikuta mistari kumi inayofanana kwa jicho la binadamu, chanzo umekipata.

Namba hiyo ikiwa ndogo, au ikipanda na kuporomoka kila baada ya muda mfupi, basi matokeo yanatupwa kwa sababu majedwali yanaandikwa. Hili ndilo lililokuwa tatizo letu, na ningemwomba msomaji atulie hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Jedwali letu la wakulima lilikuwa na majina, kijiji, kituo, namba ya simu, na pia safu mbili zilizoongezwa baadaye: mara_ya_mwisho, inayoonyesha mkulima alipima lini kwa mara ya mwisho, na salio. Kila gunia lililopanda mizani lilisababisha UPDATE kwenye safu hizo mbili. Wakati wa msimu, vituo vyote vikipima kwa pamoja, jedwali la wakulima lilikuwa likiandikwa kila sekunde chache, na kila mara kache ilitupa kila tokeo lililogusa jina la mkulima yeyote. Mwezi wa Machi, kahawa ikiwa kidogo, hakuna aliyeona kasoro. Mwezi wa Juni kache ilikuwa haifanyi lolote ila kujazwa na kumwagwa.

Usikisie ni jedwali gani linaloandikwa sana, maana dhana yako inaweza kukuelekeza kwenye jedwali la mizani huku mkosaji akiwa jedwali linaloonekana tulivu. Katika MariaDB, toa SET GLOBAL userstat = 1, uache kazi iendelee kwa robo saa, kisha uandike SHOW TABLE_STATISTICS. Safu ya Rows_changed itakuonyesha mpangilio halisi. Tazama pia vichochezi, yaani zile amri zinazojiendesha zenyewe jedwali jingine linapoandikwa, kwa sababu UPDATE inayofichwa ndani ya kichocheo haionekani kwenye msimbo wa programu.

Dawa ilikuwa kutenganisha kinachobadilika na kisichobadilika. Tuliunda jedwali la pili lenye namba ya mkulima, mara_ya_mwisho na salio, na lile la kwanza likabaki na taarifa zinazoguswa mara chache kwa wiki. Nilikosea mara moja katika kazi hiyo: ili kuepuka kubadilisha programu, niliunda mwono, yaani hoja iliyohifadhiwa inayosomwa kana kwamba ni jedwali, unaounganisha majedwali hayo mawili na kuupa jina la jedwali la zamani, na faida yote ikapotea, kwa kuwa tokeo linalotegemea majedwali mawili hutupwa lolote kati yake likiguswa. Hoja zinazohitaji jina na kijiji peke yake ni lazima ziulize jedwali lenye jina na kijiji peke yake.

Jambo la pili lililosaidia lilihusu simu za makarani wa vijijini, ambazo hukusanya vipimo bila mtandao na kuvituma jioni. Programu ilikuwa ikiingiza mistari 300 kwa INSERT 300, na hivyo kuiita kache mara 300 ije kufuta. Tulizigeuza ziwe INSERT moja yenye mistari mingi.

Baada ya hapo niliweka query_cache_type = 2, ambayo huitwa DEMAND, ili kihifadhiwe tu kile kilichoandikwa SELECT SQL_CACHE. Orodha ya vituo, orodha ya vijiji, madaraja ya kahawa, na bei ya kiboko na ya kase, yaani kahawa iliyokobolewa, ambayo kwetu hubadilishwa asubuhi: hivyo vinafaa. Vipimo vya leo havifai. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio unaostahili kuwa wa kwanza kwa mfumo wowote wenye uandishi mwingi wa data, kwa sababu unamlazimisha mwandishi wa programu aamue, hoja kwa hoja, na uamuzi huo unabaki ukisomeka ndani ya msimbo.

Qcache_lowmem_prunes inapanda

Hii ndiyo dalili pekee inayoweza kuhalalisha kupanua kache, lakini bado kuna hatua moja kabla ya hapo. Linganisha Qcache_free_memory (nafasi iliyo wazi) na Qcache_free_blocks (idadi ya vipande vilivyo wazi). Ikiwa nafasi iliyo wazi ni kubwa na bado matokeo yanaondolewa, kumbukumbu imegawanyika vipande vidogo visivyotosha tokeo jipya, na kadiri Qcache_free_blocks inavyokaribia nusu ya Qcache_total_blocks ndivyo mgawanyiko ulivyo mbaya.

Kipande cha chini kinachotengwa ni query_cache_min_res_unit, ambacho kwa kawaida ni baiti 4096. Ili kujua kama kinakufaa, toa Qcache_free_memory kwenye query_cache_size, kisha ugawe kwa Qcache_queries_in_cache. Tuseme kache ni ya baiti 16,777,216, zilizo wazi ni 5,242,880, na hoja zilizomo ni 7,000: wastani wa tokeo moja ni takriban baiti 1,650, na kipande cha 2048 kingefaa zaidi. FLUSH QUERY CACHE hupanga upya vipande bila kufuta matokeo, ilhali RESET QUERY CACHE hufuta yote. Majina hayo yamewachanganya wengi. Hata hiyo ya kwanza iendeshe usiku, kwani wakati inapanga, kache nzima imefungwa.

Kama nafasi wazi ni ndogo kweli na hits ni nyingi, panua kidogo kidogo, ukibaki katika makumi ya megabaiti. Matokeo makubwa kuliko query_cache_limit, ambayo kwa kawaida ni megabaiti 1, hayahifadhiwi, lakini seva hulijua hilo baada ya kuwa imekwisha kujaza vipande vingi njiani. Kwa ripoti ya mwaka mzima, andika SQL_NO_CACHE, yaani neno linaloizuia hoja isipitie kache, tangu mwanzo.

Hoja zimekwama kwenye "Waiting for query cache lock"

Ukiandika SHOW PROCESSLIST wakati mashine imelemewa na ukaona maneno hayo kwenye mistari mingi, umefika kwenye udhaifu wa ndani wa kache hii. Kufuli ni moja kwa kache nzima. Anayetafuta tokeo, anayeingiza tokeo na anayefuta matokeo ya jedwali lililoandikwa, wote hupita mlango huo mmoja, kwa hiyo kadiri mashine inavyokuwa na viini vingi vya kuchakata na wateja wengi kwa pamoja, ndivyo foleni inavyorefuka. Kache kubwa huongeza madhara, kwa sababu kufuta maelfu ya matokeo ya jedwali moja huchukua muda mrefu zaidi huku wengine wote wakisubiri. Hivyo ndivyo megabaiti 512 zilivyotuumiza.

Kwa dharura, SET GLOBAL query_cache_size = 0 hurudisha kumbukumbu na kuondoa kazi ya kufuta, ingawa amri yenyewe inaweza kusubiri kwenye foleni ile ile. Suluhisho kamili ni kuianzisha seva ikiwa na query_cache_type = 0, kwani hapo kufuli haliguswi kabisa. Mfumo wenye uandishi wa mfululizo unaweza kuwa na kasi zaidi bila kache kuliko ukiwa nayo, na kumbukumbu iliyookolewa ikapewa innodb_buffer_pool_size, yaani bafa ya InnoDB, injini inayohifadhi majedwali. Jaribu kwa siku mbili, linganisha vipimo, uamue kwa namba zako mwenyewe.

Karani analalamika kwamba anaona salio la zamani

Kache hii mara chache huwa na hatia hapa, kwa kuwa hufuta mapema na hufuta kwa wingi. Endesha hoja ile ile kwa SQL_NO_CACHE kupitia muunganisho ule ule: jibu likibaki la zamani, tafuta kwingine.

Chanzo ninachokikuta zaidi ni muamala, yaani kundi la amri zinazohesabiwa kuwa kazi moja, uliofunguliwa na kusahauliwa. InnoDB hutumia REPEATABLE READ isipoelekezwa vinginevyo, hivyo muunganisho ulioanza kusoma asubuhi huendelea kuona hali ya asubuhi hadi ufunge muamala kwa COMMIT au ROLLBACK, na viunganishi vingi vya Python huanza na autocommit, yaani kufunga muamala kiotomatiki, ikiwa imezimwa. Chanzo kingine ni ripoti kusomwa kwenye nakala iliyobaki nyuma ya seva kuu, jambo ambalo Seconds_Behind_Master huonyesha. Kwa majedwali ya MyISAM, injini nyingine ya zamani, kuna hali moja ya kweli ya kache: mteja mmoja akifunga jedwali kwa LOCK TABLES ... WRITE, wengine huendelea kupewa majibu ya kwenye kache hadi query_cache_wlock_invalidate iwashwe.

Asubuhi ni nzito baada ya umeme kukatika

Kache huishi kwenye kumbukumbu ya muda, na kila seva inapozimika huanza ikiwa tupu. Uzito huo wa asubuhi, hata hivyo, hutoka zaidi kwenye bafa ya InnoDB. Seva ikizimwa kwa utaratibu, huandika orodha ya kurasa zilizokuwemo na kuzirudisha inapowaka. Umeme ukikatika ghafla, hutumia orodha ya mara ya mwisho ilipozimwa vizuri, ambayo pengine ni ya miezi mitatu iliyopita. Betri ya kutosha kuizima seva kwa utaratibu inasaidia kuliko kigezo chochote.

Seva haiwaki baada ya kuhamia MySQL 8.0

Kache hii ilitangazwa kuwa njiani kuondolewa katika MySQL 5.7.20 na ikaondolewa kabisa katika 8.0. Faili la mipangilio likibeba mstari wowote wa query_cache, seva hukataa kuwaka na kuandika "unknown variable" kwenye faili la makosa. Ondoa mistari hiyo yote, pamoja na ile iliyofichwa kwenye faili za ziada za folda ya conf.d. Kisha tafuta neno SQL_CACHE katika msimbo wote wa programu na uliondoe, kwa sababu toleo hilo hulihesabu kuwa kosa la sarufi. SQL_NO_CACHE bado hupokelewa, ila haifanyi kazi yoyote. Maneno yale yale tuliyoyaongeza kwa hiari yetu chini ya DEMAND ndiyo yatakayoisimamisha programu siku ya kuhama, kwa hiyo yahesabiwe na kuandikwa kwenye orodha tangu siku yanapoingizwa.